Ukirudi kazini na mtoto bado ananyonya: nani apange nini

Hesabu yenyewe ni hii. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inakupa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Kliniki nayo itakwambia mtoto anyonye maziwa ya mama pekee mpaka afikishe miezi sita, halafu aanze kula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Sita toa tatu inabaki tatu, na hiyo mitatu ndiyo inayowaponza akina mama wengi wa Nairobi. Maziwa hayakauki yenyewe. Mama amerudi kwenye mashine saa moja asubuhi, kufikia saa nne titi limejaa, hana pa kukamulia wala wa kumshikia kazi, na jioni akifika nyumbani anakuta mtoto ameshapewa kitu kingine. Wiki chache za namna hiyo zinatosha kabisa kuyakausha.

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha vifungashio hapa Eneo la Viwanda. Nilianza kukunja na kuhesabu katoni kabla sijapata mtoto wangu wa kwanza, na kitinda mimba sasa yuko darasa la sita. Mama wa laini yetu akishika mimba huwa nimejua kabla ya tumbo kuonekana, na tunaanza mipango siku hiyo hiyo. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wao, na pia ninayowaambia wanaowazunguka: mwenzake wa mashine, supavaiza, baba mtoto, nyanya. Ushauri mwingi wa kunyonyesha humkalia mama peke yake, kana kwamba shida yake ni uvivu. Mama hana uvivu. Anachokosa ni nusu saa na mtu wa kusimama mahali pake.

Sema ukiwa bado na tumbo

Kuomba nafasi ya kukamua siku ile unaporudi ni kuchelewa. Utakuta ratiba ya zamu imebandikwa ukutani na supavaiza ana oda ya kumaliza, na jibu litakuwa "subiri kidogo". Kidogo hicho mtoto hakijui. Ombi la nafasi ya kukamua liende pamoja na barua yako ya likizo, ambayo kisheria inatakiwa ifike kwa mwajiri angalau siku saba kabla hujaondoka, ingawa mimi nasema mpe mwezi.

Barua isiwe ndefu. Tunayotumia sisi ni kama hii:

"Nitaanza likizo ya uzazi tarehe fulani na kurudi tarehe fulani. Nitakaporudi nitakuwa bado nanyonyesha. Kwa mujibu wa vifungu vya 71 na 72 vya Sheria ya Afya ya mwaka 2017, naomba nipewe mahali pa faragha pa kukamulia maziwa, pasiwe chooni, na vipindi viwili vya dakika 30 kila zamu, mbali na muda wa chakula. Napendekeza saa nne asubuhi na saa nane na nusu mchana. Wakati huo kazi yangu itashikwa na fulani, ambaye tumeshakubaliana."

Chapisha nakala mbili pale saiba, moja wabaki nayo, moja wakugongee muhuri ukae nayo. Wengine huogopa kudai muhuri wakidhani ni ukorofi. Ukorofi uko wapi? Karani anagonga muhuri mchana kutwa.

Sentensi ya mwisho ya barua hiyo ndiyo inayoipitisha. Supavaiza haogopi maziwa yako, anaogopa laini kusimama. Ukimpelekea jina la mtu atakayeshika, umemtua mzigo kabla hajaubeba.

Na ujue sheria inasema nini hasa, maana utaulizwa. Kifungu cha 71 kinamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia penye maji ya kunawa mikono, friji au kitu kingine cha kuweka ubaridi, soketi ya umeme kwa mwenye pampu, meza ndogo na viti vya kukalika vizuri. Kinasema wazi kwamba pasiwe chooni. Kinakataza pia mtu kutangaza au kuuza humo maziwa ya kopo. Kifungu cha 72 kinakupa vipindi vya kukamua juu ya muda wa chakula, na vinahesabiwa kuwa saa za kazi, yaani hukatwi pesa. Jumla isizidi saa moja kwa zamu ya saa nane, na muda wa kwenda na kurudi umo ndani yake. Kwa hiyo chumba kikiwa upande wa pili wa yadi, dakika zako unaziacha njiani. Fikiria hilo kabla hujasema "popote ni sawa".

Chumba chenyewe

Mabosi wakisikia habari ya chumba huona vigae, makochi na fundi wa kupiga hesabu. Chetu kilikuwa stoo ya katoni zilizoharibika, nyuma ya chumba cha huduma ya kwanza. Tulitoa katoni, tukasugua sakafu, tukaweka viti viwili vya plastiki vyenye mikono na mito iliyoshonwa na mama mmoja wa zamu ya usiku, meza ya shule iliyokuwa imetupwa, na pazia zito kutoka Gikomba. Maji yako umbali wa hatua chache. Gharama kubwa ilikuwa kuvuta soketi.

Kilicholeta mjadala ni komeo. Ofisi ilitaka mlango usifungwe kwa ndani, eti kwa usalama. Sisi tukasema bila komeo hakuna chumba, kwa sababu mwanamke aliye kifua wazi na macho kwenye kitasa hatoi maziwa. Si maringo hayo. Maziwa huachiliwa na mwili uliotulia, na hofu huweza kuyazuia. Mama yeyote aliyewahi kukamua huku anasikia viatu vikija atakuthibitishia. Mwishowe liliwekwa komeo la ndani, na mlinzi wa zamu ana funguo ya kufungulia nje ikitokea dharura. Kama mnaanza na pesa ya kitu kimoja tu, nunueni komeo.

Friji ikiwa ni ile ile ya chakula cha wafanyakazi, maziwa yakae nyuma kabisa, si mlangoni, ndani ya mkebe mmoja mkubwa wenye kifuniko, ulioandikwa jina. Msiposema mapema mtakuta mtu ameyasogeza ili soda yake ipoe. Kama friji hakuna, kisanduku cha kubebea vitu baridi pamoja na chupa za maji zilizogandishwa usiku kinafanya kazi hiyo hiyo.

Kushikiana kazi

Hapa ndipo mambo huharibika au hutengenezeka, na ndipo nitakaa zaidi.

Laini ya katoni haisimami. Mmoja analisha, wa pili anakunja, wa tatu anahesabu na kufunga. Mmoja akiondoka bila mpango, katoni zinarundikana mbele ya mwenzake, mwenzake ananuna, na kesho mama anaona aibu kuondoka. Hakuna aliyemkataza. Amejikataza mwenyewe, akavumilia titi likiwa gumu mpaka saa kumi, na mwili wake ukaelewa kwamba maziwa hayo hayatakiwi. Titi hutengeneza kulingana na linavyotolewa. Likikaa limejaa kila siku, hupunguza.

Kwa hiyo mtu wa kushika ateuliwe kabla, awe mmoja, na awe na wa akiba. Sisi humchagua mtu wa mashine ya jirani ambaye kazi yake inaweza kupunguzwa kasi kwa nusu saa. Saa nne kasoro dakika tano, anayeshika ndiye anayekuja. Mama haendi kumwomba. Hili linaonekana dogo lakini ndilo kubwa: anayefuata saa ni yule mwenye nafasi, si yule mwenye uhitaji. Anamgusa bega, anamwambia "nenda mama," anasimama. Mama akirudi, aliyeshika anasema amebakisha hesabu ngapi, basi, kazi inaendelea. Hakuna "umekaa sana leo". Tulikubaliana neno hilo lisitamkwe sakafuni. Mwenye malalamiko ya muda aje kwangu.

Wanaume wanashika pia, na kusema kweli baadhi yao wanashika vizuri kuliko sisi, kwa sababu hawaanzi kumhadithia mama jinsi wao walivyonyonyesha kwa shida zaidi. Kijana mmoja wa kufunga mzigo alikuwa anatania kila siku. Tulimpa zamu ya kushika. Utani uliisha wiki ile ile, maana sasa kuchelewa kwa mama ni kuchelewa kwake.

Supavaiza, neno kwako. Andika vipindi hivyo kwenye ratiba ukutani, kama unavyoandika muda wa chai. Kilichoandikwa hakiombwi. Na kama watu wako wanalipwa kwa idadi au wana lengo la siku, punguza lengo la mama kwa kiasi cha saa hiyo moja; usipofanya hivyo umempa nusu saa kwa mkono wa kulia ukamnyang'anya kwa wa kushoto. Usimpeleke zamu ya usiku miezi ile ya kwanza kama kuna njia. Mtoto hunyonya sana usiku, na kunyonya huko kwa usiku ndiko kunakosukuma maziwa ya kesho.

Kuhusu vibarua, maana Eneo la Viwanda limejaa vibarua: wengi hudhani haya hayawahusu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja, ajira yake inageuka ya mwezi. Weka kumbukumbu ya siku zako, hata kwa ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Na kifungu cha 46 kinasema mimba, au jambo lolote linalohusiana nayo, si sababu halali ya kumfuta mtu kazi.

Kukamua kwa mkono

Pampu ni nzuri kwa mwenye uwezo, ila mkono haupotezi kifuniko wala hauhitaji stima. Anza mazoezi wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini, asubuhi baada ya mtoto kunyonya, maana wakati huo maziwa ni mengi.

Nawa mikono kwa sabuni. Kikombe kiwe cha mdomo mpana, kimeoshwa na kuchemshwa, na kimekuja kimefunikwa. Kaa, uiname mbele kidogo. Weka kitambaa cha moto juu ya titi kwa muda, kisha lisugue taratibu kuanzia kwapani kuja mbele. Sasa weka kidole gumba juu na cha shahada chini, pale weusi unapoishia, si kwenye chuchu. Sukuma vidole nyuma kuelekea kifuani, ndipo uvibane vikutane, uachie. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, na usivute chuchu. Ukisikia maumivu umekosea mahali pa kushika. Mwanzo huenda lisitoke tone. Endelea. Yataanza matone, kisha yataruka kwa mistari. Yakipungua, zungusha vidole ubane kutoka pembeni, halafu hamia titi la pili, urudi tena la kwanza. Mwanzoni itakuchukua nusu saa nzima. Mkono ukizoea, pungufu ya hapo.

Ukiona hayashuki, tazama video ya mtoto kwenye simu, au nusa nguo aliyovaa usiku. Mama mmoja huweka kitambaa cha mwanawe mfukoni mwa ovaroli. Tulimcheka, sasa watatu wanafanya hivyo.

Usilinganishe chupa yako na ya jirani. Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita hunywa wastani wa mililita 750 hivi kwa siku nzima, usiku na mchana, na sehemu kubwa ya hizo atazinyonya kwako ukiwa nyumbani. Za mchana wa kazi ni kama theluthi.

Maziwa uliyokamua yakae kwa muda usiozidi saa nne hivi kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, hadi siku nne ndani ya friji, na karibu miezi sita kwenye friza. Julai ya Nairobi chumba ni baridi, hakuna wasiwasi. Januari ndani ya nyumba ya mabati pale Mukuru ni jambo jingine, hizo saa nne zisahau. Na angalia hesabu ya safari: uliyokamua saa nne asubuhi utafika nayo Pipeline saa kumi na moja na nusu, na mvua ikinyesha Outering hujui utafika saa ngapi. Lazima yasafiri kwenye baridi. Mfuko wenye barafu uliofungwa vizuri unayatunza hadi saa 24. Bandika karatasi ya gundi yenye tarehe na saa. Kiwanda hakikosi gundi. Ya zamani yatumike kwanza.

Anayebaki na mtoto

Maziwa mengi humwagwa nyumbani na mtu mwenye nia njema. Yakikaa kwenye friji hujitenga, mafuta yanapanda juu, chini yanabaki kama maji. Dada wa kazi akiona hivyo anadhani yameharibika. Mwonyeshe kabla: zungusha chombo polepole, yanachanganyika. Ayapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, asiyachemshe motoni wala kwenye maikrowevu. Yakishapashwa yatumike ndani ya saa mbili, na ambayo mtoto amebakiza hayarudi friji. Yaliyoyeyushwa kutoka friza hayagandishwi tena.

Mlisheni kwa kikombe kidogo. Kinaosheka kirahisi kuliko chupa yenye chuchu ya mpira, na mtoto hachanganyikiwi akirudi kwenye titi. Mtoto akae wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni tu, aachwe alambe mwenyewe. Asimiminiwe. Fanyeni zoezi hili kabla wewe hujarudi kazini, na wewe utoke nje ya nyumba, kwa sababu mtoto akikusikia harufu hatakubali kikombe cha mtu.

Kama unampeleka kituo cha kulea watoto, nenda ukatazame saa ya kulisha, si asubuhi wakati wa kupokea. Angalia wanaosha vikombe wapi na kwa maji gani. Uliza mtoto akilia kabla ya saa yake wanampa nini. Jibu likiwa uji, maji ya sukari au chai ya rangi kwa mtoto wa miezi mitatu, endelea kutafuta.

Nyanya aliyetoka ushago ni msaada mkubwa na mtihani mkubwa. Atasema mtoto ana kiu, apewe maji. Usibishane naye jikoni. Mwombe akusindikize kliniki siku ya kupima uzito, muuguzi ndiye amwambie kwamba maziwa yana maji ya kutosha hata siku ya jua. Neno la muuguzi halivunji heshima kama neno la mkaza mwana. Kisha mpe kazi iliyo yake: uji wa wimbi wa mama, supu, na kumshika mtoto ili wewe ulale. Wakikuyu watakuletea njahi, yale maharagwe meusi, ziongeze maziwa. Kula tu, ni chakula kizuri, lakini kinachoongeza maziwa ni kuyatoa.

Baba mtoto ana wiki mbili za likizo kwa sheria ile ile ya ajira. Zikiisha asirudi kuwa mgeni. Kuosha na kuchemsha vikombe ni kazi yake, kugandisha chupa za barafu pia, na kumletea mama mtoto kitandani saa nane za usiku. Mmoja wa waume wa laini yetu ni mtu wa bodaboda. Saa saba mchana hupita getini, anachukua maziwa ya saa nne, anayafikisha nyumbani Tassia, anaendelea na abiria wake. Na kuna mama anayeishi karibu ambaye mtoto huletwa getini wakati wa chakula, ananyonya moja kwa moja. Hiyo ni bora kuliko yote haya niliyoandika, kwa anayeiweza. Zungumzeni na walinzi mapema wawape kiti na kivuli.

Waliotangulia

Kila anayerudi kwetu hupewa mama mmoja aliyewahi kupita njia hiyo. Si mtaalamu. Kazi yake ni kupokea simu, kumtazama mtoto akinyonya kama mama ataruhusu, na kujua wakati wa kusema "twende kliniki". Mtaani nako kuna wahamasishaji wa afya ya jamii na vikundi vya akina mama vinavyokutana chini yao. Uliza kwenye zahanati yako kikundi kilicho karibu.

Mambo machache anayesaidia ayajue. Chuchu ikipasuka, karibu kila mara ni jinsi mtoto anavyoshika: mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kiguse titi, weusi mwingi uonekane juu ya mdomo kuliko chini. Mama akisema maziwa hayatoshi, usianze na dawa za kienyeji. Uliza mtoto anakojoa mara ngapi. Mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, na mstari wa uzito kwenye kitabu cha kliniki unapanda, basi yanatosha. Titi likiwa na sehemu ngumu, nyekundu, ya moto, na mama ana homa, aende hospitali siku hiyo hiyo, na aendelee kunyonyesha au kukamua. Kuacha ghafla kunazidisha.

Kwenye kundi letu la simu tuna masharti. Hakuna kuuza kitu. Hakuna picha ya mtoto wa mtu. Hakuna kusema "maziwa yako mepesi," "mtoto amekonda," au "mimi wangu hakulia hivyo". Anayeuliza usiku wa manane hajibiwi kwa emoji ya kucheka. Na hakuna kumuuliza mwenzako kwa nini hanyonyeshi, au kwa nini anakunywa dawa. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi, akitumia dawa zake vizuri na kufuata kliniki, naye hushauriwa kunyonyesha, lakini habari hiyo ni yake na muuguzi wake. Aliyefiwa na mtoto na maziwa bado yanatoka pia yumo kati yetu, na huyo ndiye wa kushikiwa kazi kabla ya wote. Asaidiwe kukamua kidogo kidogo, kiasi cha kupunguza maumivu tu, mpaka mwili utulie.

Wakikataa

Jibu la mdomo ligeuze maandishi: "Nilivyoelewa leo, ombi langu limekataliwa kwa sababu hii, naomba unithibitishie." Litume kwa barua pepe au ujumbe wa simu. Mara nyingi mlango hufunguka hapo. Usipofunguka, mwakilishi wako na chama cha wafanyakazi, kisha ofisi ya leba ya serikali, na mwisho kabisa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Huko mwisho si mbio za wiki moja, kwa hiyo endelea kukamua popote pasafi huku unadai.

Asiye na kiwanda

Mama mboga na muuzaji wa mitumba hana supavaiza, ana jirani wa kibanda. Mpango ni ule ule: nani anashika meza, saa ngapi, na bei gani asishuke chini yake wakati mwenyewe hayupo. Faida yake ni kwamba mtoto anaweza kukaa naye, leso moja na kivuli vinatosha.

Kuna mmoja ambaye hatumtaji. Dada unayemwachia mtoto wako ili uende kazini, wakati mwingine ana wake wa miezi mitano kwa nyanya yake kijijini, na maziwa yake anayakamulia sinkini. Nimeona mama akipigania saa yake ya kukamua ofisini bila kujua kwamba jikoni kwake kuna anayevuja. Unapomwajiri, muulize kama ananyonyesha. Kama inawezekana aje na mtoto wake, au mtafutieni pa kuishi karibu ili aende nyumbani jioni. Kama haiwezekani, mwandikie vipindi vyake vya mchana kwenye karatasi ile ile unayomwachia ya saa za kumlisha mtoto wako, na mwonyeshe sehemu yake kwenye friji.